Mjane Asiye na Eda: Penzi la Pili katika Riwaya za Wanawake Wanaopendana

Riwaya za mapenzi ya wanawake kwa wanawake zinazochapishwa kwa Kiingereza, hasa Marekani na Uingereza, zina tawi moja lenye wasomaji waaminifu sana: hadithi ya mwanamke aliyefiwa na mke au mpenzi wake, ambaye baada ya kujifungia kwa muda mrefu anajikuta anampenda mwanamke mwingine. Tawi hili husifiwa kwa kuwafariji waliofiwa na hulaumiwa kwa kuwachezea. Lawama nzito zaidi haitoki kwa wanaopinga mapenzi ya namna hiyo. Inatoka kwa wasomaji wa ndani kabisa, wanaouliza kwa nini hata hadithi yao ya furaha ni lazima ianze na jeneza.

Uchungu wa swali hilo unaeleweka. Tarehe 3 Machi 2016, tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo The 100 ilimuua mhusika Lexa kwa risasi iliyokusudiwa mtu mwingine, muda mfupi tu baada ya yeye na mpenzi wake Clarke kulala pamoja kwa mara ya kwanza. Watazamaji walikasirika kwa sababu hawakuliona tukio hilo kuwa kifo cha mhusika mmoja, bali mazoea ya miaka mingi ya kumzika kila mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake. Mtu aliyechoka na mazishi hayo akifungua riwaya ya mapenzi na kukuta kwenye sura ya kwanza kwamba mke tayari amefariki, ana haki ya kuuliza kama amebadilishiwa chombo tu huku mchuzi ukiwa ule ule.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya kifo cha mwanzo na kifo cha mwisho, na historia ya fasihi hii ndiyo inayoionyesha. Mwaka 1952 Marijane Meaker, akitumia jina la Vin Packer, alitoa riwaya ya bei nafuu iitwayo Spring Fire kuhusu wanafunzi wawili wa kike wa chuo wanaopendana. Mhariri wake alimweleza mapema kwamba hadithi hiyo haiwezi kuishia kwa furaha, kwa kuwa wakaguzi wa posta wangeweza kuuzuia mzigo wa vitabu vinavyoonekana kuusifu uhusiano huo. Kwa hiyo mmoja wa wapenzi anarukwa na akili, na mwingine anagundua kwamba hakuwahi kumpenda. Mwaka huo huo Patricia Highsmith, naye akijificha nyuma ya jina la Claire Morgan, alichapisha The Price of Salt, ambamo wanawake wawili wanabaki na matumaini ya kuishi pamoja. Hakukiri hadharani kuwa ndiye mwandishi hadi kitabu kilipotolewa upya kwa jina lake karibu miaka 40 baadaye. (Waandishi hao wawili, mmoja aliyelazimishwa kuhuzunisha na mwingine aliyethubutu kutohuzunisha, walikuja kuwa wapenzi wenyewe kwa wenyewe. Hilo nalo lingefaa riwaya.)

Katika vitabu vya zama hizo maafa yalikuwa hukumu: mwanamke alipenda, kwa hiyo alipe. Baadaye walizuka wachapishaji wa wanawake wenyewe, mashuhuri zaidi wakiwa Naiad Press ya mwaka 1973, na mwisho wa furaha ukageuka kuwa kama agano kati ya mwandishi na msomaji wake. Ndani ya agano hilo, kifo kilichohamishiwa sura ya kwanza kina maana nyingine kabisa. Marehemu anakufa kwa saratani, kwa ajali ya barabarani, kwa moyo uliosimama usingizini. Anakufa kama wanavyokufa watu wote, na wala si kwa sababu alimpenda nani. Kwa maoni yangu hoja hii inaijibu sehemu kubwa ya lawama, ingawa haiimalizi.

Jambo la pili linalotetea tawi hili ni suala la nani anaruhusiwa kuitwa mjane. Katika mwambao wetu mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume anajulikana ni kizuka, anakaa eda ya miezi minne na siku kumi, na jamii nzima inajua nini kimempata, nani ampikie, nani amtembelee na lini atatoka. Mtu anaweza kuulalamikia utaratibu huo kuwa unambana mwanamke, lakini hawezi kukana kwamba unaupa msiba wake jina. Mwanamke aliyefiwa na mwanamke mwenzake, karibu kote duniani na kwa sehemu kubwa ya historia, hakuwa na jina hilo. Alisimama nyuma kabisa makaburini kama rafiki au mpangaji mwenza, na ndugu wa marehemu wakaja wiki iliyofuata kuchukua makabati.

Mfano wa wazi ni wa Edith Windsor wa New York. Aliishi na Thea Spyer kwa zaidi ya miaka 40, akamuuguza Thea alipougua ugonjwa wa neva uliompooza kidogo kidogo, na wakafunga ndoa Toronto mwaka 2007. Thea alipofariki mwaka 2009, serikali ya shirikisho ilimtoza Edith dola 363,053 za kodi ya mirathi, kodi ambayo asingedaiwa kama marehemu angekuwa mwanamume, kwa kuwa sheria ya mwaka 1996 haikumtambua kuwa mjane. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimpa ushindi tarehe 26 Juni 2013. Ukiisoma kesi hiyo unaelewa kwa nini riwaya inayotumia kurasa mia moja kueleza mwanamke anavyoshindwa kuhamisha viatu vya mkewe kutoka mlangoni inagusa jambo ambalo sheria ilichelewa kulitaja.

Hapo ndipo ninapoukubali upande wa watetezi. Lakini kurasa mia moja za viatu ni ahadi, na nyingi kati ya riwaya hizi haziitimizi. Udhaifu wao mkubwa ni barua ya ruhusa. Wasomaji wa aina hii wanaijua vizuri: mjane, akiwa amekwama kati ya penzi jipya na uaminifu wa zamani, anafungua droo au sanduku na kukuta barua, au kanda ya video, ambamo marehemu anamwambia apende tena. Machozi yanatiririka, na sura inayofuata ni ya busu. Mtetezi atasema kwamba watu wanaokufa taratibu huzungumza kweli mambo haya na wenzi wao, na kwamba ni ukatili kuwanyima wahusika kile ambacho binadamu hupeana. Sikatai. Tatizo ni kwamba barua inamwondolea mjane kazi aliyokuwa nayo tangu mwanzo, yaani kuamua mwenyewe bila kujua marehemu angesema nini. Inamgeuza pia marehemu kuwa walii. Hakuwahi kuwa mchoyo, hakuwahi kusema neno baya jikoni, na kazi yake ya mwisho duniani ilikuwa kutoa kibali.

Riwaya zilizo bora katika tawi hili hutambulika kwa jinsi zinavyomruhusu marehemu kuwa na kasoro. Mpenzi mpya anapouliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" na mjane akajibu kwamba alikuwa mkaidi, kwamba walikaribia kuachana mwaka wa sita, kwamba deni la nyumba lilifichwa, ndipo penzi la pili linapopata nafasi ya kusimama kwa miguu yake. Wivu kwa marehemu asiye na dosari hauna dawa. Wivu kwa mtu aliyekoroma unazungumzika.

Msomaji wa Afrika Mashariki anakutana na vitabu hivi, mara nyingi kwenye simu, akiwa na vikwazo vya ziada. Wapo wanaosema kwamba kwa imani zao penzi hilo halina sura ya kwanza, achilia mbali ya pili, na msimamo huo hauwezi kutenguliwa na hoja za kifasihi kwa sababu haujadili fasihi. Kuna sheria pia: nchini Kenya kifungu cha 162 cha kanuni ya adhabu kinafikia kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha Mei 2019. Lakini kuna jambo la kifasihi hapa. Filamu ya Rafiki ya Mkenya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilipopigwa marufuku Kenya mwaka 2018, mwongozaji alieleza kwamba wakaguzi walitaka mwisho wake ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Ni sharti lile lile alilopewa Meaker miaka 66 kabla, safari hii likitolewa Nairobi.

Tena, upotevu unaosimuliwa kwetu ni wa namna nyingine. Filamu hiyo ilitokana na "Jambula Tree", hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika mwaka 2007, na ndani yake hakuna aliyekufa: mmoja alipelekwa London, mwingine akabaki na umbea wa majirani, na hadithi ni maneno ya aliyebaki kwa aliyeondoka. Riwaya ya Kimarekani ya mjane inachukulia kwamba watu wanajua umefiwa, na kinachobaki ni kupona. Kwa mwanamke aliyetenganishwa na mpenzi wake kwa kupelekwa mbali au kuozeshwa, hakuna kaburi wala matanga, na aliyempoteza angali hai mahali fulani akilea watoto. Penzi la pili la mtu kama huyo lingehitaji mpango tofauti kabisa wa hadithi, bila sanduku wala barua, na kwa kweli ningependa zaidi kusoma hilo kuliko nyumba nyingine ya ufukweni yenye mbwa na paa linalovuja.

Edith Windsor, kwa upande wake, aliolewa tena. Septemba 2016, akiwa na umri wa miaka 87, alifunga ndoa na Judith Kasen, na akafariki mwaka uliofuata. Riwaya nyingi za tawi hili humpa mjane miaka thelathini na kitu. Siku hizi mhariri akiletewa hadithi ya Edith pengine asingeugusa mwisho wake. Angeomba umri upunguzwe.