Hadithi Niliyoila na Kashata

Jumapili nilikwenda kijiweni kama kawaida yangu, Ngamiani hapa Tanga, nikakaa kwenye lile benchi lenye mguu uliofungwa kamba. Mzee wa kahawa akanimiminia kikombe, akanisogezea kashata, kisha akauliza kwa sauti iliyosikika kijiwe kizima: "Mwandishi, mke wa nahodha keshafika Pemba au bado?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikatoa jibu langu la siku zote: "Bado kidogo, babu. Upepo umemgomea."

"Huo upepo," akasema huku anasuuza vikombe ndooni, "ulianza kumgomea mjukuu wangu anaachishwa ziwa. Leo yuko chekechea. Juzi kaandika jina lake ukutani kwa mkaa, kaniharibia rangi yangu."

Hakuongeza neno, na hakuwa na haja. Mtoto ametoka kwenye ziwa la mamaye mpaka kuandika jina lake, mimi riwaya yangu ya huyo mke wa nahodha hata ukurasa wa kwanza sina. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na kwa kuwa siwezi kumkasirikia mzee wa watu, nimekuja kukasirikia hapa.

Sababu ninazo, tena za kutosha kufungulia duka. Kompyuta yangu imekufa kitufe cha A. Jaribu kuandika Kiswahili bila A uone. Hata mji wenyewe huu unakuwa Tng. Fundi alitaka shilingi 35,000, nikamwambia mwisho wa mwezi. Imepita miezi 18, na kila mmoja ulikuwa na mwisho wake.

Halafu hali ya hewa. Kaskazi ikivuma, joto, karatasi inagandana na mkono. Masika umeme hauna uhakika na mvua inapiga bati mpaka hujisikii unavyofikiri. Kusi ikiingia, hewa tamu, mtu analala. Vuli ni harusi, niko kwenye magrupu manne ya michango. Ramadhani nayo sikuona adabu kukaa naandika habari za mwanamke anayetoroka usiku chomboni. Ukipiga hesabu, mwaka mzima wa pwani hauna siku hata moja inayofaa kuandika. Ajabu tu ni kwamba watu wa pwani hii hii ndio walioandika tenzi za beti kwa mamia, kwa wino wa kuchovya, kaskazi hiyo hiyo ikiwachoma.

Na msinitajie Shaaban Robert. Au tuseme nitajieni, maana sisi wa Tanga tukitaka kujisifu tunamtaja kama mjomba wetu. Mtu kazaliwa 1909 kule Vibambani, jirani na Machui, mwendo wa baiskeli tu kutoka hapa nilipo. Akawa karani wa serikali ya mkoloni, forodhani kwanza, baadaye idara nyingine. Mchana anajaza makaratasi ya Mwingereza, na bado alipofariki 1962, hajafika hata miaka 55, kaacha vitabu zaidi ya ishirini. Sijasikia popote kwamba alikuwa anasubiri kitufe. Mimi nina miaka 41, nakaa duka la vifaa vya ujenzi, na siku nzima naandika: bati geji 30, kumi, nondo za milimita 12, nane, misumari kilo mbili. Mkono hauna ugonjwa. Ankara zangu zimenyooka, hazina hata kosa.

Haya, nakubali mawili, kwa shingo upande. Kuandika Kiswahili hakulipi. Mchapishaji mmoja alikaa na mashairi yangu miaka miwili, akaja kuniambia hayaoni. Na dada yangu, mwenye mapacha na zamu za usiku wodini, akisema hana muda mimi nanyamaza. Lakini mimi si dada yangu. Mimi jioni niko kijiweni.

Na hapo ndipo penyewe. Aliyenionyesha ni mama watoto, tena hakuwa na nia ya kunionyesha kitu, alitaka nitoe viatu vyangu mlangoni. Nilikuwa naimba wimbo wangu, kaskazi, kompyuta, magrupu, akanikata: "Wewe hadithi yako si umeshaila? Kila jioni unakwenda kuila na kashata, unarudi umeshiba. Utaandika kwa njaa ipi?"

Nimezunguka na maneno hayo wiki nzima. Mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobel ya fasihi, mtu aliyezaliwa Unguja hapo ng'ambo tu, nilisimama kijiweni nikatangaza kwamba na mimi sasa naanza riwaya, ya mke wa nahodha. Wakapiga makofi. Mmoja akanilipia kahawa. Usiku ule nilikwenda nyumbani na furaha ya mtu aliyemaliza kitabu, na mtu aliyemaliza kitabu hufanya nini? Nikalala.

Tangu hapo kila jioni natoa kipande. Najua pa kunyamaza ili waniombe. Mke wa nahodha anapovaa kanzu ya kiume na kuingia jahazini na kapu la nazi kichwani, wazee husahau kete za bao mikononi. Raha ile sina cha kuifananisha nayo. Unasema neno, jicho la mtu linatoka, anasema "Allah!" Karatasi haikwambii "Allah." Karatasi inakutazama tu. Basi kila kipande nilichosimulia kilikuwa kimeshalipwa palepale, na mimi mtu wa duka najua: mzigo uliolipiwa na kuchukuliwa huukuti tena kwenye shelfu. Naingia ndani usiku, nafungua daftari, natafuta hamu ya kumwandika yule mwanamke, hamu imeshauzwa kwa kahawa vikombe viwili.

Najua atatokea mtu aniambie kusimulia nako ni fani, pwani yetu imelelewa na hadithi za mdomo. Kweli. Bibi yangu hakushika kalamu maisha yake yote, na hakuna kitabu kilichowahi kunitisha kama jini wake wa mbuyuni. Lakini bibi hakuwa anajiita mwandishi. Alisimulia, akamaliza, akatufukuza tukalale. Mimi nilikuwa natumia mdomo ili mkono upumzike, halafu naitikia watu wakiniita mwandishi.

Nikajidanganya tena kwamba kule ni kujizoeza. Kijiweni mtu unaruka. Nikifika mahali nisipopajua, mathalani foromali ya jahazi lile, ule mti unaobeba tanga, inapandishwa na watu wangapi, naongeza sauti, napunga mkono, wenzangu wanajaziliza wenyewe. Jumatatu nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili, nikajificha saa ya chakula nyuma ya mifuko ya saruji, nikaandika sentensi ya kwanza: mwanamke kavaa kanzu. Kalamu ikasimama. Kanzu ya nani? Ya mumewe haiwezi, jitu lile lingemburuzisha kitambaa mpaka bandarini. Kaka hana, nilishawaapia watu kwamba ni mtoto wa pekee. Miaka yote hiyo mwanamke wangu anatembea na kanzu isiyo na mwenyewe, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu nilikuwa nasimulia vizuri!

Siku ile nilipata mistari mitatu. Jumanne sikupata kitu, nilichora jahazi, tena baya. Jumatano ilinijia kwamba kanzu ni ya marehemu baba yake, ilikunjwa sandukuni na karafuu, na alipoivaa alinuka kama siku ya msiba. Hilo sikuwahi kulisema kijiweni. Nilitetemeka kidogo, nawaambieni kweli, nikasahau mteja wa rangi kasimama kaunta anagonga na sarafu. Bosi anadhani nahesabu stoo. Aendelee kudhani.

Jana nikapita kwa mzee, maana kahawa sijaiacha na sitaiacha. Nikamwamkia, nikaomba kashata, nikakaa kimya. Akanitazama kama mtu anayenidai.

"Umenuna?"

"Sijanuna, babu."

"Basi leo unatupa nini?"

"Leo sina kitu."

Akageukia jiko lake, akachochea makaa. "Si neno. Yule kijana wa bodaboda katushikia zamu yako. Jana kamshusha yule mwanamke Wete, kapokewa na ngoma."

Wete! Kwa ngoma! Mwanamke anayetoroka! Mke wa nahodha hashuki Wete, anashuka Mkoani, usiku, peke yake, na hakuna kiumbe anayejua kafika. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nikaitia kashata yote mdomoni kwa mpigo mmoja, nikaweka hela kwenye benchi, nikapanda baiskeli bado natafuna.