Kisanduku kisichotikiwa na kimya chake

Ukitiki visanduku vitatu kati ya vitano kwenye fomu ya wavuti, kisha ukabonyeza kitufe cha kutuma, seva, yaani kompyuta inayoihudumia tovuti, hupokea majibu matatu. Vile viwili ulivyoviacha havifiki vikiwa na "hapana", havifiki kabisa. Utaratibu huu ulikuwamo tayari katika maelezo ya HTML 2.0, toleo la mwaka 1995 la lugha ya kuundia kurasa za wavuti, na vivinjari vinaufuata hadi leo.

Wasanidi wa tovuti wanavutana hapa. Wapo wanaoiacha fomu itumwe na kivinjari kama ilivyo. Wengine huvisoma visanduku kwa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, na kutuma JSON, muundo wa maandishi wa kupanga data, ambamo kila kisanduku kina jibu lake, true (ndiyo) au false (hapana).

Njia ya kwanza naipenda kwa uimara wake: msimbo wa JavaScript ukishindwa kupakia, fomu bado inafika. Seva inapata mada=afya&mada=michezo, na kama swali lilikuwa "unataka mada zipi?", hilo ni jibu kamili. Mitego yake inajulikana. Ukisahau kuandika thamani (value), yaani neno ambalo kisanduku hutuma kikitikiwa, kila kisanduku hutuma neno "on", na seva haiwezi kujua ni kipi. Kwenye PHP, lugha ya programu za upande wa seva, jina la kisanduku lisipomalizika kwa mabano ya mraba, yaani mada[], inabaki thamani ya mwisho peke yake.

JSON nayo haimponyi mzembe. Anayeigeuza FormData (majibu ya fomu yaliyokusanywa ndani ya JavaScript) kwa amri ya Object.fromEntries anapoteza chaguo zote za jina moja isipokuwa la mwisho, wakati amri ya getAll ingempa zote. Na anayesoma value bila kuangalia checked, yaani alama ya kuwa kimetikiwa, anatuma hata visivyotikiwa, kwa sababu thamani ya kisanduku ipo muda wote, kiwe na tiki au kisiwe nayo.

Makosa hayo hugunduliwa mapema. Linaloniumiza ni lile lisilopiga kelele. Chukua ukurasa wa mipangilio ya taarifa wenye visanduku vinne. Mtumiaji ameufungua na kuuacha wazi. Wewe unaongeza cha tano, naye anakitiki kupitia simu yake. Kesho anarudi kwenye ukurasa ule wa zamani, anabadilisha kimoja, anatuma. Seva haioni cha tano, inadhani amekikataa, inakifuta. Mtu amenyang'anywa uamuzi wake na kisanduku ambacho hakikuwepo mbele ya macho yake. Ukiamua basi kwamba kimya maana yake "usibadilishe", umeziba mlango mwingine: hakuna atakayeweza kuondoa tiki.

Hapo JSON inashinda kwa haki, maana false na kukosekana ni vitu viwili tofauti. Rails, mfumo wa kuundia tovuti, ilitafuta dawa ndani ya fomu yenyewe: kabla ya kisanduku huwekwa sehemu iliyofichwa yenye jina lilelile na thamani 0, na kisanduku kikitikiwa thamani yake huja baadaye na kuifunika. Kwa kisanduku kimoja cha ndiyo au hapana inafaa sana. Kwenye orodha ya mada, hizo sifuri zingegeuka takataka.

Hata tiki iliyofika haisemi kila kitu. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya kampuni ya Planet49 kwamba kisanduku kilichotikiwa tangu mwanzo hakithibitishi ridhaa. Data inayotumwa ni ileile, awe mtu amekitiki mwenyewe au amekikuta hivyo. Kwa hiyo kisanduku cha ridhaa kianze kitupu, bila mjadala.

Kwangu mimi, fomu ya kawaida inatosha kuwa msingi, mradi iwe na sehemu moja iliyofichwa inayotaja visanduku vilivyoonyeshwa. Seva iilinganishe orodha hiyo na ile ya vilivyotikiwa: kilichoonyeshwa bila tiki kimekataliwa, ambacho hakikuonyeshwa kisiguswe. Na kwa kuwa yeyote anaweza kutunga ombi lake mwenyewe, orodha zote mbili zikaguliwe dhidi ya chaguo ambazo seva inazijua na mtumiaji huyo anaruhusiwa kuzigusa.