Hamarikyu si kiwanja kitupu

Tulikuwa kwenye lile daraja refu la mbao la kwenda nyumba ya chai, ndani ya bustani ya Hamarikyu, katikati ya Tokyo, mwenzetu mmoja wa safari akaitazama minara ya Shiodome, mtaa wa jirani wa maghorofa, akalitazama bwawa, akasema: "Eneo lote hili, na hawajajenga kitu?" Sikumjibu, ni mkubwa kwangu. Lakini maneno yale yananikera mpaka leo.

Hawajajenga kitu? Ardhi yenyewe ilijazwa udongo baharini katika karne ya 17. Bwawa lake ni la maji ya chumvi, yanayotoka ghuba ya Tokyo kwa milango inayofunguliwa na kufungwa kufuata maji kujaa na kupwa. Sisi watu wa Pwani jambo hili halihitaji maelezo: maji yanapanda, mawe ya ukingoni yanazama, mkizi wanaingia. Pale langoni upo msonobari uliopandwa mwaka 1709, matawi yake mazito yametandaa na kuegemezwa kwenye nguzo. Kuna watu ambao kazi yao ni kuutunza usianguke. Hiyo nayo ni kazi ya ujenzi.

Na kinachonigusa zaidi ni hiki. Bustani hii haikuwa ya umma. Ilikuwa ya ukoo wa Tokugawa, watawala wa Japani wa zamani, walikuja kuwinda bata. Baadaye ikawa ya familia ya Mfalme. Tetemeko la 1923 liliiharibu, mabomu ya vita yakachoma nyumba zake za chai. Mwaka 1945 ikakabidhiwa mji, na Aprili 1946 ikafunguliwa kwa watu wote. Hebu fikirini Tokyo ya mwaka ule: mitaa imeteketea, watu hawana pa kulala, chakula cha shida. Kama kuna mji uliokuwa na kisingizio cha kuzikata hekta 25 kuwa viwanja, ni ule. Haukuzikata. Basi sisi tunaouza bustani zetu wakati wa amani tunajitetea kwa lipi?

Nairobi iliambiwa maneno hayohayo mwaka 1989, ulipotakiwa kusimamishwa mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hadharani, na mnara haukujengwa. Wanaopumzika pale Jumapili na watoto wao wana deni kwake.

Haya, nakubali, Hamarikyu si kimya kabisa. Magari unayasikia, na ile minara inakukodolea macho kila upande. Kiingilio nacho kipo, yeni 300, ingawa mimi ningependa pawe bure.

Ukijaliwa kufika Tokyo, ulizia kwanza saa za maji. Nenda yakiwa yanajaa, usimame karibu na mlango wa bahari, si kwenye nyumba ya chai wanakorundikana wapiga picha. Na ukimsikia mtu analalamika kwamba hapajajengwa kitu, mjibu, hata kama ni mkubwa kwako.