Shemeji na ngazi yake ya kudabo

Shemeji yangu aliingia kasino moja hapa Dar akiwa na 700,000 na karatasi aliyoikunja kwenye pochi. Humo kaandika ngazi: 5,000, 10,000, 20,000, 40,000 na kuendelea. Ukiliwa unadabo, ukila unarudi chini. "Shem, hii haina kushindwa," aliniambia. "Niliwe mara tano, ya sita inarudisha zote na elfu tano juu."

Hesabu yake haina kosa. Kwa saa nzima pale kwenye meza ya blackjack, yaani karata za ishirini na moja (ukaribie 21 kuliko mgawaji, bila kuipita), aliokota elfu tano tano mpaka zikafika 140,000, haba na haba kweli. Halafu akaliwa mara saba mfululizo. Kutoka 5,000 hadi 320,000, jumla yake ni 635,000. Dau la nane lilitakiwa kuwa 640,000, naye kabaki na 205,000. Na hata angekuwa nazo, kibao cha mezani kilisema mwisho wa dau ni 500,000.

Akasema ni mkosi. Mimi nabisha. Ukitoa sare, mchezaji wa ishirini na moja huliwa takriban mara 53 au 54 katika kila mikono (raundi) 100. Kwa kiwango hicho, mfululizo wa kuliwa mara saba hutokea kwa wastani mara moja katika kila mikono kama 170. Mezani hugawiwa mikono 60 hadi 70 kwa saa, kwa hiyo mkosi wa shemeji ni wa kila baada ya saa tatu hivi. Kwenye simu, ambako hakuna wa kuchanganya karata wala kuhesabu chipu, unakuja mapema zaidi.

Maoni yangu kuhusu mifumo hii yote, ya kudabo, ya kupanda taratibu, ya kuongeza ukila, ni kwamba inapanga tu lini utaumia. Faida ya kasino iko ndani ya sheria za mchezo. Ukicheza bila makosa, kwenye meza nzuri, ni kama nusu asilimia ya kila dau. Haipungui kwa sababu dau lako limevaa mpangilio.

Wapo waliopata njia. Profesa Edward Thorp wa Marekani alionyesha katika kitabu chake cha 1962 kwamba anayehesabu karata zilizokwisha kutoka anaweza kujua lini meza imeelemea upande wake. Ukubwa wa dau aliupanga kwa kanuni ya John Kelly wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, iliyotoka 1956: weka sehemu ya mtaji inayolingana na faida uliyonayo. Watu hupenda kuitaja kanuni hii kwenye magumzo ya kubeti, ila huruka sehemu moja. Kama huna faida, jibu la Kelly ni sifuri. Usiweke kitu.

Sasa kwa sisi tunaoweka hata hivyo, kwa raha zetu, kupanga pesa kuna kazi. Kwanza kabla hujakaa, soma maandishi ya kitambaa cha meza. Ree na karata ya kumi mkononi hulipwa 3 kwa 2 au 6 kwa 5, na hapo ndipo wengi huibiwa wakitabasamu. Kwa dau la 10,000, ya kwanza inakupa 15,000, ya pili 12,000. Mkono huo huja kama mara moja katika 21, yaani mara tatu hivi kwa saa. Kwenye meza ya pili umeshatoa karibu 10,000 kila saa kabla hujafanya kosa lolote. Meza ya 6 kwa 5 mimi huwa naipita, hata kama dau lake la chini ni dogo.

Pili, gawanya. Napenda kuingia na dau zisizopungua 40: nikicheza kwa 10,000, nabeba 400,000, na simu yenye pesa nyingine inabaki nyumbani. Kwa nini 40? Katika mikono 200 hasara ya wastani ni dau moja tu, lakini kupanda au kushuka kwa dau 16 ni jambo la kawaida kabisa. Mwenye dau 10 mfukoni anaweza kumalizwa na upepo mdogo. Zaidi ya hapo, kuna mikono inayodai uongeze: una 11 na mgawaji kaonyesha 6, au umepata jozi ya nane ya kugawanya iwe mikono miwili. Faida ya mchezaji iko humo, na ukiwa mkavu unaitazama inapita.

(Bima, yaani dau la pembeni kwamba mgawaji akionyesha ree ana na ya kumi chini, kataa. Basi.)

Shemeji alizisukuma 205,000 zote kwa mkupuo. Akapewa 7 na 4. Mgawaji, 6. Akanigeukia: "Shem, una laki mbili na tano hapo, nidabo?" Nilikuwa nazo kwenye simu, maana siku hiyo sikufuata ushauri wangu mwenyewe. Zilikuwa za kodi. Kwa hesabu za meza alikuwa anaomba jambo sahihi kabisa. Nikamwambia sina.

Akaomba karata moja, ikaja kumi. Ishirini na moja. Alitoka na 410,000, na mpaka leo kwenye vikao vya familia anasimulia kwamba 290,000 zilizopungua, mimi ndiye ninayezijua.