Chujio la maji nyumbani Mombasa: angalia kwanza tangi lako

Maji ya mfereji Mombasa hutoka mbali: chemchemi ya Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Hutiwa klorini kabla ya kuingia mtaani, na wanaoona chujio ni anasa hutegemea hilo. Wangekuwa sawa lau mfereji ungetoa maji saa 24. Lakini tuna mgao. Bomba likikaa tupu siku mbili tatu, hufyonza uchafu wa nje kupitia nyufa na viungio, na mara nyingi mtaro wa maji taka uko ubavuni mwake. Maji yakirudi huja na kutu na mchanga. Yaache yamwagike mpaka yatakate ndipo uyaelekeze kwenye tangi.

Chujio basi lina kazi, ila kila aina na kazi yake, na hapo ndipo watu hupoteza pesa. Lile jeupe la nyuzi la maikroni 5 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ambalo baada ya wiki chache hugeuka rangi ya chai, huzuia mchanga na kutu tu. Bakteria wengi ni wa maikroni moja au mbili, wanapita. La mkaa huondoa harufu na ladha ya klorini, ndiyo maana hupendwa. Lakini likifungwa kabla ya tangi, tangi zima hubaki bila kinga ya klorini, na mkaa uliokaa mwaka mzima bila kubadilishwa huwa makao ya bakteria. La kauri huzuia bakteria, si virusi. Lisugue kwa brashi laini bila sabuni. Ukilishuku, liloweke, kisha lizamishe majini na upulize kwenye shina lake kwa mpira mwembamba: mapovu yakitoka sehemu moja, lina ufa, litupe.

Maji ya kisima ni habari nyingine. Visima vifupi vya kisiwani, Likoni na Kisauni vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao hupitisha maji ya bahari na ya vyoo vya shimo. Chumvi haiondoki kwa kauri, kwa mkaa wala kwa kuchemsha. Mashine ya kuondoa chumvi huhitaji msukumo wa baa 3 hivi, nalo tangi lililo juu mita 3 hutoa baa 0.3 tu, utanunua pampu, na kila lita moja safi itamwaga mbili tatu. Kwa anayenunua maji kwa mtungi, hailipi. Kisima kiwe cha kufulia, ya kunywa ununue matamu.

Kwa wenye tangi lao, kulisafisha kunatangulia chujio lolote. Ondoa tope, sugua, jaza, kisha tia jik ya asilimia 5 lita 1 kwa kila lita 1,000. Ikiwa ya asilimia 3.5, lita moja na nusu. Yalale usiku kucha. Asubuhi yapigie deki na kuflashia choo, halafu suuza tangi.

Mpangaji asiye na ufunguo wa tangi la pamoja hana njia hiyo. Huyo chujio la kauri la mezani linamfaa kweli, kwa sababu familia ya watu watano hainywi zaidi ya lita 15 kwa siku. Baada ya kuchuja, atie dawa ya maji kwa kipimo cha kwenye chupa na asubiri dakika 30. Virusi vilivyopita kwenye kauri vitafia hapo.