Kisanduku cha Kijivu

Mteja amekaa kwenye stuli hapa steshenari ya Mwanga, Kigoma, harufu ya mgebuka kwenye mfuko wake wa rambo inatembea duka zima. Umeandika "YAH: MAOMBI YA", kabla hujagusa K, pu! Kisanduku cha kijivu katikati ya skrini: mashine yako imeharibika, nenda kwenye anwani hii ukanunue dawa. Kitufe kimoja tu, OK. Cha kukataa hakuna! Ukikibonyeza, kinakuja cha pili, kama kuku wa jirani kwenye muhogo ulioanikwa.

Kila mtu hapo anakuwa daktari. "Kirusi hicho!" Kirusi gani? Ni huduma ya Messenger, imo ndani ya Windows 2000 na XP, Windows za zamani. Iliwekwa ili fundi wa ofisini awatangazie watu kwamba seva inazimwa, wahifadhi kazi zao. Wachuuzi wa mtandaoni wakakuta mlango wazi, UDP 135 (namba ya njia ambayo ujumbe wa mtandao huingilia kwenye mashine), wakamwaga matangazo. Wala si ile Messenger ya kuchati. Wapo wanaoifuta ile, wanakaa kifua mbele dakika tano, kisha pu!

Ingia kama Administrator. Start, Run, andika services.msc, gonga Enter. Shuka hadi Messenger, bofya mara mbili. Penye Startup type weka Disabled, ndipo ubonyeze Stop, kisha OK. Wengi huishia kwenye Stop, basi wanashangilia. Stop peke yake ni mpaka umeme ukatike, na umeme wetu mnaujua! Mashine ikiwaka tena, na huduma inaamka nayo.

Wanaopenda amri wafungue dirisha la amri, cmd, waandike net stop messenger, halafu sc config messenger start= disabled. Nafasi inakaa baada ya alama ya sawasawa, si kabla. Ukibananisha, inakushushia maelezo marefu kama mzee wa baraza.

XP yenye Service Pack 2, kifurushi cha marekebisho cha mwaka 2004, huduma hiyo inakuja imezimwa, na Vista, Windows iliyofuata XP, haina kabisa. Ila kuzima kisanduku si kufunga mlango. Washa na fayawoli, mlinzi wa milango ya mtandao, maana kama tangazo lilipita, mengine nayo yanapita: Blaster, mdudu wa kompyuta wa Agosti 2003, aliingilia namba hiyohiyo 135, ila ya TCP, ndugu yake UDP.

Haya mama, samahani, tulifika wapi? YAH: MAOMBI YA nini vile?