Sodiamu haitoi elektroni bure

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili hapa Unguja kwa nini sodiamu hupoteza elektroni. Atakujibu papo hapo: ili ibakiwe na nane kwenye mzunguko wa nje. Na klorini je? Hupokea moja ili nayo itimize nane. Mtihani atafaulu, lakini kwa maoni yangu hajajibu kitu. Ametaja matokeo akayaita sababu.

Sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa 2, 8, 1. Hiyo moja ya nje iko mbali na kiini, na kumi za ndani zinaikinga isivutwe na nguvu yote ya protoni 11. Imeshikwa kwa ulegevu, lakini imeshikwa. Kuing'oa kunagharimu nishati ya kilojuli 496 hivi kwa kila moli ya atomi, yaani fungu lenye idadi maalumu ya atomi. Klorini inapoipokea hutoa nishati, ni kweli, ila ni kama kilojuli 349 tu. Toa: tunadaiwa 147. Atomi hizo mbili zikiwa mbalimbali, elektroni haihami ng'o. Sasa hiyo hamu ya nane tunayowahubiria watoto iko wapi?

Deni linalipwa kwengine. Atomi iliyopoteza au kupokea elektroni huitwa ioni. Ioni ya sodiamu ina chaji chanya, ya kloridi ina chaji hasi, na zikisogeleana huvutana, wala si mbili mbili. Kila ioni ya sodiamu huzungukwa na kloridi sita, na kila kloridi na sodiamu sita, hivyo hivyo mpaka punje ya chumvi itimie. Ioni zilizokuwa mbalimbali zinapojipanga hivyo, hutoka kilojuli 787 hivi kwa moli. Deni limekwisha na chenji imebaki nyingi.

Chukua punje ya chumvi ya mawe ya Pemba, ile isiyosagwa, uigeuze juani. Pande bapa na kona za mraba unazoziona ndio mpangilio huo huo, umekua mpaka jicho likauona. (Wapo wanaodhani sodiamu na klorini huungana pale kwenye mashamba ya chumvi, maji yanapokauka. Sivyo. Baharini zimo tayari kama ioni. Jua linaondoa maji tu.)

Kwa nini basi sodiamu isitoe mbili? Kwa sababu ya pili inatoka tabaka la ndani, karibu na kiini, na kuing'oa ni kilojuli 4,562. Hakuna mpangilio wa chumvi wa kufidia gharama hiyo. Hapo ndipo nane inapozaliwa: ni mahali bei inaporuka ghafla. Magnesi elektroni yake ya kwanza ni 738 na ya pili 1,451, ghali lakini zinalipika, kwani ioni zenye chaji mbili huvutana kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana magnesi hutoa mbili na sodiamu moja.

Anayeshikilia nane peke yake nampeleka kwenye paa. Tazama bati la nyumba ya pwani, Nungwi au Wete: kutu mara nyingi huanzia kwenye matundu ya misumari na kwenye kingo zilizokatwa. Ioni ya chuma iliyomo kwenye kutu ina elektroni 2, 8, 13. Nane ya nje haipo. Zinki iliyopakwa juu ya bati ikipoteza mbili hubakiwa na 18 nje, nayo pia haikufuata kanuni ya nane. Hata hivyo huilinda chuma, kwa kuwa penye unyevu hupoteza elektroni kwa wepesi zaidi, ikalika yenyewe kwanza. Chumvi ya upepo wa bahari huharakisha mambo.

Walimu siwalaumu sana, silabasi ni ndefu na madarasa yamejaa. Na kanuni yenyewe, tangu wanasayansi Lewis na Kossel walipoiandika mwaka 1916, imesaidia kuhesabu. Lakini xenoni, gesi iliyodhaniwa haiungani na kitu, ilikuwa na nane zake tangu hapo, na mwaka 1962 mkemia Neil Bartlett akaifanya iungane na vyengine.

Mimi ningeanza somo kwa kuandika ubaoni 496, 349, 787 na 4,562, kisha niwaache wanafunzi wajumlishe na kutoa wenyewe kabla hawajaisikia hiyo nane.